Ndani ya Kamera: Cha Kugusa na Cha Kuacha

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa fani, ndugu wapiga picha wa Mombasa na wageni wetu mliotoka Malindi, Lamu na Tanga, assalamu alaikum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie usafishaji wa sehemu za ndani za kamera za DSLR, yaani zile za kubadilisha lenzi zenye kioo ndani, na nimelipokea ombi hilo kwa furaha, kwa sababu kamera nyingi zinazofika kwa fundi zikiwa na majeraha ya ndani hazikujeruhiwa na vumbi. Vumbi huchafua picha tu. Vinavyochana ni kitambaa, pamba na spiriti vilivyotumiwa kuliondoa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu kujua uchafu uko wapi na kama kweli unastahili kuguswa, na namna ya kuugusa itafuata baadaye.

Tuanze na kilichomo ndani. Ukiondoa lenzi na kuitazama kamera kwa mbele, cha kwanza utakachokiona ni kioo kilicholala kwa pembe ya nyuzi 45. Kioo cha kujitazamia nyumbani kina rangi yake ya fedha upande wa nyuma, ikilindwa na unene wa kioo chenyewe, lakini hiki cha kamera kimepakwa utando wake upande wa mbele, tena utando mwembamba mno, kiasi kwamba kila anayekifuta anaufuta utando huo moja kwa moja. Sehemu yake ya katikati hupitisha mwanga kidogo, na mgongoni mwake kuna kioo cha pili, kidogo zaidi, kinachoupeleka mwanga huo chini kwenye kifaa cha fokasi kilicho sakafuni mwa chumba cha kioo. Juu ya kioo kikubwa kuna kioo cha fokasi, ambacho kwa kweli ni plastiki yenye uso wa ukungu, laini kiasi cha kuchanika kwa ukucha, na ndipo taswira mnayoichungulia inapotua. Nyuma ya vyote hivyo ziko pazia za shata, yaani mlango wa mwanga unaofunguka picha inapochukuliwa, nazo ni vipande vyembamba sana vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na nyuma ya shata ndiyo sensa, kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha.

Hata hiyo sensa hatuigusi wenyewe. Mbele yake kuna kioo cha kichujio kilichopakwa tabaka za kuzuia mng'ao na, kwa kamera nyingi, za kupunguza umeme tuli unaovuta vumbi; tunaposema tunasafisha sensa tunasafisha kioo hicho. Kati ya kioo hicho na sensa yenyewe kuna nafasi ndogo, na nafasi hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kuhusu tabia ya madoa.

Watu wengi huja wakisema, "Kamera yangu ni chafu, ninaona madoa ninapochungulia." Ndugu zangu, doa linaloonekana unapochungulia lakini halimo katika picha liko kwenye kioo cha fokasi au kwenye kioo kikubwa, na haliwezi kuingia katika picha, kwa sababu wakati picha inapochukuliwa kioo kimekwisha inuka na mwanga haupiti tena njia hiyo. Doa la namna hiyo linaudhi macho, nakubali, lakini halina madhara yoyote kwa kazi ya mteja, na kioo cha fokasi kilichochanwa kwa kufutwa kitakuudhi kila siku mpaka ukibadilishe. Kwa upande mwingine, doa lililomo katika picha liko ama kwenye lenzi au kwenye sensa, na kuzitenganisha hizo mbili ni kazi ya dakika moja: badilisha lenzi, piga tena, na ikiwa doa limebaki mahali palepale, mshukiwa ni sensa.

Sasa tufike kwenye jaribio lenyewe. Ukipiga kwa tundu pana la lenzi, tuseme f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), mwanga huifikia sensa kutoka pembe nyingi, ukaizunguka chembe ya vumbi iliyo juu ya kichujio na kukififisha kivuli chake hata kisionekane kabisa. Ukilibana tundu hadi f/16 au f/22, miale huja karibu sambamba, na kivuli cha chembe ileile hutua juu ya picha kikiwa na ukingo ulio wazi. Kwa hiyo weka ISO 100, yaani wepesi mdogo wa kupokea mwanga, bana tundu hadi f/22, zima fokasi ya kujiendesha, ielekeze kamera kwenye ukuta mweupe ukiwa karibu nao, kisha peleka fokasi mbali kabisa ili ukuta upoteze umbo. Shata ikiwa ya polepole, sekunde moja hivi, isogeze kamera taratibu wakati picha inachukuliwa. Alama zote za ukutani zitafutika, ilhali vumbi lililo juu ya sensa litaachwa wazi, kwa kuwa linasogea pamoja na kamera. Ifungue picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili, ongeza utofauti wa mwanga na kiza, na uipitie kipande kwa kipande.

Kumbukeni pia kwamba lenzi huipindua taswira. Doa lililo juu kushoto katika picha liko chini kushoto unapoitazama sensa kwa mbele, kupitia mdomo wa kamera. Asiyelijua hilo husugua pembe isiyo na kosa.

Baada ya jaribio, swali linalofuata si la fundi, ni la mpiga picha: je, madoa haya yatafika kwa mteja? Mwenzetu anayepiga harusi ndani ya ukumbi kwa f/2.8 au f/4 anaweza kukaa muda mrefu na sensa yenye chembe kadhaa bila bibi harusi wala mama yake kuona lolote. Mwenzetu anayepiga fukwe za Diani kwa f/11 au f/16, bahari na anga vikiwa vimejaa nusu ya picha, ataziona zote. Na wale wanaorekodi video juani, wakalazimika kulibana tundu kwa sababu ya ukali wa mwanga, wana tabu kubwa zaidi, kwa maana doa katika picha moja hufutwa kwa programu kwa muda mfupi, lakini doa lililosimama pale pale huku picha nzima ikitembea humchosha mtazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi ni katika wanaoamini kwamba sensa isisafishwe kwa ratiba. Isafishwe pale jaribio linapoonyesha, na kazi inapodai.

Aina ya uchafu nayo ina maana. Vumbi kavu, kama lile jekundu la Tsavo linaloingia hata penye zipu, huonekana kama nukta yenye ukingo uliofifia, na nyuzi za nguo huonekana kama vijistari vilivyopinda. Tone la mafuta huonekana kama duara dogo, mara nyingi lenye kitovu cheupe zaidi kuliko ukingo wake, na hutoka kwenye mitambo ya ndani ya kamera yenyewe. Mfano unaojulikana kote ni wa Nikon D600, iliyotoka Septemba 2012. Wenye kamera hizo walilalamika kuhusu madoa yaliyojikusanya hasa upande wa juu kushoto wa picha, na waliosafisha waliyaona yakirudi. Mwezi Februari 2013 kampuni ilitoa tangazo la huduma kuhusu tatizo hilo, Oktoba mwaka huohuo ikatoa D610 yenye shata mpya, na mwaka 2014 ikatangaza kwamba kamera za D600 zitakaguliwa, zitasafishwa na kubadilishwa shata bila malipo, hata zile ambazo dhamana yake imekwisha. Nimeutaja mfano huo ili ijulikane kwamba madoa ya mafuta yanayorudi muda mfupi baada ya kusafishwa hayatibiwi kwa kusafisha zaidi. Hapo chanzo kiko ndani, na kamera ipelekwe kwa watengenezaji au wakala wao.

Hatua ya kwanza ya usafishaji haihitaji hata kuondoa lenzi. Tangu Olympus E-1 ya mwaka 2003, kamera zilianza kuwekewa mtambo unaokitikisa kichujio kwa kasi kubwa mno ili vumbi lianguke. Canon waliuleta katika EOS 400D mwaka 2006, na Nikon katika D300 mwaka uliofuata. Ukiuendesha mtambo huo, iweke kamera mezani ikiwa imesimama kwa kitako chake, maana umeundwa kudondosha vumbi chini. Rudia mara chache, kisha fanya jaribio tena. Vumbi kavu jipya mara nyingi huondoka hapo, na shughuli inaishia hapo.

Lisipoondoka, tunaingia chumbani. Chagueni chumba kisicho na zulia, fungeni madirisha, na muwe mmezima feni na kiyoyozi muda kabla ya kuanza ili kilichokuwa kikielea kitue. Najua kuzima feni Mombasa mwezi wa Machi ni adhabu, lakini jasho lipanguswe kabla ya kuinamia kamera na si wakati mdomo wake uko wazi. Vaeni nguo isiyotoa nyuzi, oshani mikono, na muwe na tochi ya kichwani yenye mwanga mweupe, kwa sababu taa ya dari haifiki ndani ya chumba cha kioo.

Betri iwe imejaa. Jambo hili si la urasmi tu. Ndani ya menyu ya kamera kuna amri ya kusafisha kwa mkono, ambayo hukiinua kioo na kuifungua shata, vikabaki hivyo mpaka utakapoizima kamera. Umeme ukikatika katikati, kioo huanguka na shata hufunga, na ikikuta kifutio, yaani kijiti cha kufutia sensa, njiani, shata ndiyo itakayopoteza. Kamera za Nikon hukataa amri hiyo betri ikiwa dhaifu, na ikididimia wakati kazi inaendelea hupiga mlio na kuwasha taa kwa takriban dakika 2 kabla ya kufunga. Msikiapo mlio huo, toeni mkono kwanza, maswali baadaye. Wengine hutumia hali ya B, ile ya kushikilia kitufe ili shata ibaki wazi. Tafadhali msiitumie, kwa sababu kidole kikiteleza tu shata inafunga, na zaidi ya hapo sensa huwa inafanya kazi muda wote huo, jambo linalosaidia kuvuta vumbi.

Kamera ikiwa tayari, ielekeze mdomo chini, na kwa pampu ya mpira ya kubinya kwa mkono, isiyo na brashi mbele yake, puliza mara kadhaa kuelekea kwenye sensa, ncha ya pampu ikiishia kwenye mdomo wa kamera bila kuingia ndani zaidi. Kabla ya hapo, ibinye pampu pembeni mara chache ili vumbi lake lenyewe litoke. Msipulize kwa mdomo, maana pumzi ina mate. Msitumie hewa ya gereji, ambayo inabeba mafuta na maji ya mashine, wala hewa ya kopo, kwa kuwa ndani ya kopo hilo mna kimiminika kinachoweza kuruka kikiwa baridi sana na kuacha doa gumu juu ya kichujio, hasa kopo likiinamishwa.

Napenda kuwa mkweli hapa: vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wakubwa, Canon na Nikon wakiwemo, humruhusu mwenye kamera kufika kwenye pampu na kuishia hapo. Chochote kinachogusa kichujio wanataka kifanywe na kituo chao cha huduma. Anayesonga mbele anabeba dhima mwenyewe, na asitegemee dhamana impokee. Ninawaeleza hatua inayofuata kwa sababu najua wengi wenu mko mbali na vituo hivyo na mtaifanya hata nisipoisema, na ni afadhali ifanywe sawasawa.

Hatua hiyo ni ya kifutio na dawa, yaani kimiminika cha kusafishia. Kifutio kiwe kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kilichofungwa peke yake katika pakiti, na upana wake ulingane na kimo cha sensa: takriban milimita 24 kwa kamera za fremu nzima, ambazo sensa yake ni milimita 36 kwa 24, na takriban milimita 16 kwa zile zenye sensa ndogo ya APS-C. Upana ukilingana, kifutio hupita mara moja na kumaliza uso wote, bila kuacha mpaka katikati. Dondosha matone mawili ya dawa kwenye ncha na usubiri sekunde chache ienee. Ncha iwe na unyevu tu, isichuruzike, kwani dawa ikizidi hujipenyeza kwenye kingo za kichujio. Anza ukingo mmoja, mpini umeinama kidogo kuelekea unakokwenda, na uvute kwa mwendo mmoja hadi ukingo wa pili bila kusimama njiani, kwa uzito ule unaotumia kufuta chozi kwenye jicho la mtoto mchanga. Kigeuze kifutio, urudi kwa upande wake safi, kisha kitupe. Sina budi kukazia neno hilo la kutupa, kwa sababu vifutio si rahisi na kishawishi cha kukitumia tena ni kikubwa. Lakini kifutio kilichokwisha pita kimebeba mchanga, na mchanga ukipitishwa mara ya pili ndio unaochana.

Kwa sababu hiyohiyo, hewa hutangulia dawa daima. Punje ya mchanga wa pwani ni ngumu, na ukiiburuta chini ya kifutio kilicholowa umechora mstari usiofutika. Msiguse pia kuta za chumba cha kioo, ambako kuna grisi ya mitambo, wala msipitishe kifutio nje ya kingo za sensa. Grisi ikishapanda juu ya kichujio utatumia vifutio vingi kuliondoa kosa la nusu sekunde.

Kuhusu dawa, spiriti ya duka la dawa yenye nguvu ya asilimia 70 ina maji karibu theluthi, na maji hayo yakikauka huacha mawimbi ya madoa. Spiriti ya kuchomea yenye rangi ni mbaya zaidi, kwa vile ina viungo vingine vinavyobaki baada yake kukauka. Dawa zilizotengenezwa kwa sensa hukauka zote bila kuacha kitu, lakini nazo zina hatari yake: baadhi, Eclipse ikiwa mojawapo, ni methanoli, ambayo ikinywewa huweza kupofusha na hata kuua, na mvuke wake hushika moto. Iwekwe mbali na watoto, isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au maji, na asitokee mtu wa kuvuta sigara chumbani mnapofanya kazi.

Kioo kikubwa, kioo cha fokasi na shata havipati kifutio wala dawa. Viwili vya kwanza vipate hewa ya pampu kwa mbali, na vikibaki na chembe, viachwe nazo. Shata isiguswe na chochote. Ikiwa fokasi ya kujiendesha imeanza kukosea, huenda vumbi limekaa kwenye kile kioo kidogo au kwenye kifaa cha fokasi sakafuni. Hewa itoke ikielekezwa huko kwa upole, na isiposaidia, hiyo ni kazi ya fundi. Vituo vya umeme vinavyounganisha lenzi na kamera vinatosheka na kitambaa laini kikavu.

Nina onyo moja zito kwa vijana wenye bisibisi. Kamera yenye fleshi ya kujengewa ndani ina kapasita inayohifadhi umeme wa kiasi cha volti 300, unaozidi huu wa volti 240 ulio ukutani mwetu, na umeme huo huweza kubaki humo muda mrefu baada ya betri kutolewa. Usafishaji wote nilioueleza hufanyika kupitia mdomo wa lenzi. Hakuna doa la sensa linalohitaji skrubu hata moja ifunguliwe.

Kinga ni fupi kuieleza. Badilisheni lenzi mkiwa mmezima kamera, mdomo ukitazama chini, mkiupa upepo wa kusi mgongo, na kamwe si kando ya chetezo cha udi na ubani harusini, kwa sababu moshi huo ukitua ndani huganda. Kifuniko cha nyuma cha lenzi kisafishwe, maana vumbi lake huingia pamoja na lenzi. Na kwa kuwa unyevu wa hewa ya pwani mara nyingi hupita asilimia 70, kuvu huota kwenye lenzi na ndani ya prizimu, kile kioo cha juu kinachoileta taswira kwenye jicho. Kamera ilale katika sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vijaluba vya silika vya kufyonza unyevu, unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 50, na si ndani ya mkoba wa ngozi kabatini.

Mwisho, kwa atakayeamua kumpelekea fundi, mwulizeni mambo matatu kabla ya kumkabidhi: anatumia dawa gani, kama anafungua kifutio kipya mbele yenu, na kama atapiga picha ya jaribio kwa f/22 kabla na baada ya kazi na kuwapa zote mbili. Anayekasirishwa na swali la tatu, chukueni kamera yenu muondoke.

Ahsanteni sana. Mwenyekiti, nakaribisha maswali.